Wale Watano wa Kolo

Naro Moru,
Jumapili, baada ya kanisa

Nyokabi, rafiki yangu,

Kwanza nikutoe wasiwasi: panya hawakuila. Picha yako ilitundikwa jana katika bwalo jipya la shule, nzima kabisa, watu watano na miguu yao kumi, na wasichana wakapiga makofi mpaka mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi kuona kuna nini.

Ila maneno yaliyoandikwa chini yake si yale uliyotaka. Tulia kwanza. Si yale niliyotaka mimi pia. Najua huko uliko tayari umeshika kiuno, kwa hiyo nipe nafasi nieleze kwa mpango, jinsi mwalimu wa hesabu anavyoeleza, na wewe mwalimu wa historia usinikatize. Itakuwa mara yangu ya kwanza kumaliza sentensi mbele yako.

Baada ya mazishi, mwalimu mkuu aliniita ofisini. Unamjua alivyo, hana maneno ya kupoteza. Akaniambia, "Wanjugu, ile picha ya Nyokabi ya watu wekundu ndio tutaweka kwa bwalo. Lakini mimi sitaki mgeni aniulize hii ni nini halafu nibaki nikiangalia viatu yangu. Niandikie sentensi moja. Moja tu. Fundi Abdalla wa Majengo atakuja kupaka."

Sentensi moja. Wewe na mimi tulibishana juu ya picha hiyo tangu tuliporudi nayo kutoka kwenye michoro ya miamba ya Kolo, kule Tanzania. Tulibishana katika chumba cha walimu, kwenye foleni ya posta, sokoni Chaka tukichagua viazi, na hata kanisani, kwa kunong'ona, mpaka mke wa mchungaji akatugeukia. Na sasa natakiwa kusema kwa sentensi moja ni picha ya nini, na wewe hupo kunipinga. Ningeweza kuandika jibu langu tu. Abdalla angelipaka kwa rangi nyeusi, na kila msichana atakayekula maharagwe chini yake angelisoma kama ukweli. Nilikuwa nimekushinda, Nyokabi. Nilikaa na ushindi huo wiki nzima na sikuupenda hata kidogo.

Basi nikarudi Kolo kichwani, maana kwa miguu haiwezekani tena. Tangu mpaka wetu na Tanzania ufungwe, barabara ya Namanga na yote yaliyo mbele yake yamekuwa vitu vya kutazamwa kwenye ramani. Na tulikuwa tumesema tutarudi. Ulikuwa hata umenunua kofia.

Unalikumbuka basi la kutoka Arusha? Ulikuwa umesoma kwamba Wasandawe, wanaokaa katika vilima vya kule ndani, wanaongea kwa kugonga ulimi mdomoni, na kwamba huenda wao ndio wajukuu wa wawindaji waliochora kwenye miamba. Huenda, ulisisitiza, kwa sababu hakuna aliyekuwepo. Lakini ukaamua hutafika katika nchi yao bila walau salamu. Ukaanza mazoezi kabla hatujatoka mjini: ulimi kwenye meno, ulimi kwenye kaakaa, ulimi pembeni kama mtu anayemhimiza punda siku ya soko. Ulisahau kwamba sisi wengine sauti hizo tunazitumia kumdharau mtu. Kondakta alipopita ukamsonya. Aliporudi ukamsonya tena, macho yako yako dirishani, unatazama twiga. Mwishowe akasimama kando yako akauliza kwa ile adabu ya Watanzania, "Samahani dada, nimekukosea nini?" Ukamwambia unajifunza lugha. Basi zima likageuka. Mama mmoja mwenye kuku mapajani akataka kujua ni lugha gani hiyo ya matusi matupu, na mimi nikajifunika leso nikajifanya tumekutana humohumo kwenye basi.

Kolo tulifika tukiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mlinzi wa michoro alikuwa kijana mpole aliyetupandisha kilimani polepole kwa ajili ya magoti yangu. Alitukataza kugusa rangi na alitukataza kuumwagia mwamba maji ili rangi iwake, jambo ambalo wewe ulikuwa umeshabeba chupa kwa ajili yake. Uliificha chupa nyuma yangu. Aliiona.

Halafu tukawaona. Watu watano wekundu, warefu, wembamba kuliko mtu anavyoweza kuwa mwembamba, vichwa vikubwa kana kwamba wamefungwa nyasi. Wawili kushoto, wawili kulia, wote wameshika mikono ya mmoja aliye katikati. Hawana macho wala midomo. Wewe usiyeweza kutulia hata wakati wa sala ulitulia kabisa. Nilisikia unavyopumua. Kisha ukasema, kwa Kikuyu, kwamba huyo wa katikati ni bibi harusi.

Nakubali ulikuwa na sababu zako. Mama yako alichukuliwa vivyo hivyo. Alikuwa shambani akilima viazi vitamu, wanawake wa ukoo wa baba yako wakamvamia, wakamshika huku na huku, wakambeba. Naye akalia kwa sauti ya kusikika bonde zima, kama desturi ilivyotaka kwa msichana aliyelelewa vizuri, na katikati ya kilio akawakumbusha wasisahau kiondo chake. Hadithi hiyo umenisimulia mpaka nakijua kiondo chenyewe kilivyokuwa na mistari. Kwa hiyo uliposimama mbele ya mwamba ule hukuhitaji kufikiri. Ulimwona mama yako.

Mimi nilimwona mtu mwingine. Nilikulia ndani ya handaki na miti iliyochongwa ya kijiji cha emajensi, vile Waingereza walivyotufungia wakati wa Mau Mau, unajua, na huko mtu aliyeshikwa mikono pande zote mbili alikuwa anapelekwa mahali pabaya. Nilimwona mjomba wangu akitolewa nyumbani hivyo na homugadi, askari wa Mzungu, wawili kila upande. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Sijawahi kuona watu wameshika mikono ya mtu nikafikiria harusi, na siku ile Kolo nilikuambia hivyo: hawa wanamteka mwenzao.

"Ati wanamteka?" ukasema. "Na anacheka?"

Nikakuuliza mtu asiye na mdomo anachekaje. Ukanijibu jibu ambalo nimelisikia tangu siku ile mpaka wiki ile ya mwisho. "Usitafute mdomo, Mwalimu. Tazama magoti."

Nami nikakujibu lile langu, kwamba magoti yaliyokunjika vile ni ya mtu anayekataa kwenda. Na hapo ndipo kesi yetu ilipofunguliwa.

Kazi yangu ilikuwa kushika nailoni angavu ya kunakilia. Tulikuwa tumeifunga kwenye fimbo ili ining'inie mbele ya mwamba bila kuugusa, nikaishikilia mikono juu kama mtu anayeanika shuka siku ya upepo, na wewe ukafumba jicho moja ukafuata mistari kwa kalamu ya nta. Ulinikataza kupiga chafya. Ulinikataza kuhema. Lakini aliyeharibu ni wewe, kwa sababu ulipofika kwa mtu wa nne, yule wa kwanza upande wa kulia, ukamkumbuka kondakta, ukaanza kucheka peke yako, mkono ukakuteleza. Ndiyo maana yule bwana ana kiwiko kilichopinda ambacho mwambani hana. Ulikataa kukifuta. Ukasema kila anayenakili ana haki ya kuacha kiwiko kimoja.

Sasa nikukumbushe yule nyanya, kwa sababu yeye ndiye aliyenisumbua wiki ile nzima. Alikuwa ametoka kuokota kuni akatukuta tumekaa kwenye jiwe tunakula mayai ya kuchemsha. Mlinzi akatuambia kwamba ni Msandawe, ameolewa pale chini. Yai likakuponyoka. Ukasimama, ukajipangusa, ukamtolea ile salamu yote uliyoipika ndani ya basi. Akakutazama kwa huruma ya kweli, akauliza kwa Kiswahili kizuri kuliko chetu, "Umekwamwa na kitu kwenye meno, mwanangu?"

Tulipomaliza kucheka, yeye akicheka zaidi yetu, ukamuuliza wale watano wanafanya nini. Hakujifanya kujua. Alisema aliyechora alikufa kabla bibi wa bibi yake hajazaliwa, na kwamba yeye picha zile amezikuta kama alivyoukuta mwamba. "Ila kwetu," akasema, "kuna ngoma inachezwa mpaka mtu anajisahau. Akijisahau anashikwa, asije akaangukia moto." Kisha akaweka mzigo wake chini akatuuliza swali. "Kwenu ninyi, mtu hushikwa lini?"

Wewe ukajibu, anapoolewa. Mimi nikajibu, anapokamatwa. Akatutazama, mmoja halafu mwingine, kama mtu anayeshangaa jinsi tulivyotoka mji mmoja, akatuambia tumalize mayai kabla nyani hawajayaona, akajitwisha kuni zake akashuka. Njia nzima ya kurudi ulidai nyanya yuko upande wako kwa sababu harusini watu hucheza. Mimi nilidai hajachukua upande wowote. Hukumu hiyo bado naisimamia.

Na tulivyohangaika na kitambaa. Ulisema wazee wale hawakuwa na duka la rangi, kwa hiyo na wewe hutanunua. Ukachota udongo mwekundu kando ya barabara ya Chaka, ukaukausha juu ya bati, ukausaga kwa jiwe, ukauchanganya na mafuta ya mkia wa kondoo, ukawapaka watu wako juu ya marekani mpya. Walipendeza. Walipendeza kwa siku chache, kisha chumba chako kule Majengo kikaanza kunuka kama karamu iliyosahaulika. Mbwa wa mtaa mzima wakahamia mlangoni, mwenye nyumba akaja kuuliza unachinja nini, na panya wakala mguu wa mtu wa kwanza kushoto mpaka pajani. Uliulilia mguu huo kuliko ulivyolia tuliponyimwa ile nyongeza ya mshahara. Hapo ndipo Fundi Abdalla, jirani yako wa mabango, alipokuonea huruma akakupa rangi ya mafuta iliyobaki kwenye bango la bucha, ukawachora upya. Kwa hiyo watu wetu wa kale wana wekundu wa bucha ya Majengo, na hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kugundua.

Siku hizo zilikuwa nzuri, Nyokabi. Kila siku ya wazazi wewe ulisimama na fimbo yako ukieleza mambo ya harusi, na mimi nilisimama nyuma kabisa nikakohoa. Wazazi wa Kidato cha Nne walikuwa wanakuja mapema ili wasikose.

Halafu ukafa. Sina namna nyingine ya kuliandika. Ijumaa tulikuwa tumekubaliana utaniletea mbegu za karoti, na Jumatatu Gachanja ndugu yako akaja shuleni badala yako, kofia mkononi, akasema ni moyo. Nilikukasirikia sana. Bado nakukasirikia siku za Ijumaa.

Siku ya kukuzika siikumbuki vizuri. Nakumbuka matope ya Chaka, na kwamba mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni, jambo ambalo ungelisema ulilipanga wewe. Nakumbuka sisi kina mama wa kanisa tulivaa nguo nyeupe na vitambaa vyeupe. Nakumbuka wimbo ulianzishwa juu mno mpaka hakuna aliyeweza kuufuata isipokuwa mzee mmoja asiyesikia vizuri. Ulipoanza kuteremshwa sikumbuki chochote, mpaka niko ndani ya nyumba ya Gachanja na kikombe cha chai, na viatu vyangu vina udongo mpaka juu.

Kwa hiyo nikarudi kwenye sentensi. Niliandika yako kwanza: Bibi harusi anachukuliwa. Nikaisoma kwa sauti chumbani mwangu, na nikajisikia kama mtu anayekusifu kaburini kwa jambo asiloliamini. Nikaichana. Nikaandika yangu: Mtu anatekwa. Hiyo niliisoma mara moja tu. Ilikuwa kama nimekusubiri utoke chumbani ndipo niseme. Abdalla alituma neno kwamba brashi ziko tayari, mwalimu mkuu akawa ananitazama kila asubuhi, na wewe unajua kutazamwa na yule mama kulivyo.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo ninapotaka usinikatize.

Gachanja alikuwa amemwita mpiga picha wa mjini Nyeri siku ya mazishi. Majuzi akanituma. "Wanjugu, wewe ndio unaenda taoni, nichukulie picha za Nyokabi." Nikaingia studio, mpiga picha hayupo, ametoka kwenda kupiga picha watoto wa shule. Mama yake ndiye aliyekuwa kaunta, yule mama wa Kihindi mwenye miwani na sari ya kijani anayefuma sweta mwaka mzima. Nikamtajia jina la Gachanja. Akatafuta bahasha, haionekani. Akamwaga rundo la picha juu ya kioo, za pasipoti, za ubatizo, za mabwana na pikipiki zao, akaanza kuzipanga moja moja bila haraka. Akafika kwenye moja, akaishika, akatabasamu.

"Hii nzuri sana," akasema. "Hii bibi harusi nalia sana. Mimi pia nalia hivi siku ile natoka nyumbani kwa baba. Kaka nashika huku, mama nashika huku. Mguu nakataa kwenda."

Akanipa niione. Wanawake wa nguo nyeupe. Ua jeupe mkononi mwa mtu. Katikati mwanamke ambaye uso wake umefunikwa na kitambaa chake mwenyewe kilichomteleza, na watu wameshika mikono yake, wawili kila upande, wanavuta, au wanasukuma, huwezi kujua. Kwa kweli ilikuwa harusi. Mtu yeyote angesema ni harusi. Nilikuwa karibu kumuuliza ni ya nani.

Kisha nikatazama magoti.

Yamekunjika, Nyokabi. Chini ya sketi yamekunjika kabisa, na viatu vina udongo mpaka juu, na viatu ni vyangu.

Mimi ndimi wa katikati. Kushoto ni dada yako Wairimu na mpishi wetu. Kulia ni Fundi Abdalla na kofia yake, na mwishoni kabisa mwalimu mkuu, meno ameyauma, ananishika kwa mikono yote miwili kama gunia linaloteleza kutoka kwenye lori. Jeneza halionekani, limebaki nje ya picha, upande wa chini. Na Abdalla, wa nne, kiwiko chake kimepinda. Nakuapia. Kimepinda vilevile.

Nilianza kucheka. Nikacheka mpaka yule mama akaacha kupanga picha. Halafu nikalia, halafu nikacheka tena kwa sababu ya kile kiwiko, na nikashindwa kusimamisha chochote. Akazunguka kaunta, akanikalisha kwenye kile kiti cha kupigiwa picha, mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji, akaniletea chai ya tangawizi. Nilipopata sauti nikamwambia bibi harusi ni mimi, na kwamba pale tulikuwa tunamzika rafiki yangu. Alivua miwani. Aliichukua picha tena akaitazama muda mrefu, watu wote watano, mmoja baada ya mwingine.

"Pole, mama," akasema. "Basi hawa nashika vizuri."

Hayo tu. Akarudi kwenye sweta yake akaniacha nimalize chai.

Mimi nilikuwa siwajui walionishika. Ndilo jambo ninalotaka kukuambia. Nilikuwa nimeishi siku zote hizo nikidhani nilikuzika kwa miguu yangu mwenyewe. Kumbe yule mwalimu mkuu asiyetabasamu, na mpishi niliyegombana naye juu ya chumvi, na Muislamu wa Majengo ambaye hata wimbo wetu haujui, walikuwa wamenibeba mbele ya watu wote, na hakuna hata mmoja aliyenitajia baadaye.

Usinielewe vibaya. Sisemi wale watano wa Kolo walikuwa mazishini. Hilo lingekuwa kosa letu lilelile kwa mara nyingine, kwenda na picha yetu mfukoni na kuibandika juu ya mwamba wa watu. Inawezekana walikuwa wanacheza ngoma ya yule nyanya. Inawezekana ni harusi, haya, nakuachia hiyo. Inawezekana ni jambo ambalo halikuwahi kupita Nyeri na halina jina katika lugha yoyote tunayoijua. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na mwanafunzi akikwama huwa namwambia aandike kile anachokiona kwanza, mengine yatafuata au hayatafuata. Na sisi tulikuwa na haki nusu nusu. Wewe uliniambia nitazame magoti, na kweli jibu lilikuwa pale. Mimi nilikuambia hayo si magoti ya kicheko, na kweli hayakuwa. Ila wote wawili tulikuwa tunamtazama yule wa katikati tu, na wale wanne tukawafanya maharamia, mimi wa kuteka na wewe wa kuoa. Hatukuitazama mikono yao inafanya kazi gani.

Niliandika sentensi palepale kwenye kiti cha studio, nyuma ya bahasha, nikateremka nayo Majengo. Abdalla alikuwa mlangoni anasafisha brashi. Nilimpa maneno, nikampa na picha. Alisoma. Akatazama picha. Akasogea nayo kwenye mwanga.

"Huyu wa nne ni mimi?" akauliza.

Nikamwambia ni yeye.

"Mwalimu, kiwiko changu hakiko hivi." Akakinyoosha, akakikunja, akakitazama. "Ni kwa sababu ulinikanyaga kidole. Kile kiatu mpaka leo sijakivaa." Kisha akaniuliza kama herufi aziweke kubwa au za wastani, na tukaafikiana kubwa.

Jana, basi, tukaitundika. Abdalla juu ya ngazi, Gachanja ameshika ngazi, mimi nikitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Wasichana wakaachiwa waingie. Sikuwaeleza kitu, niliwauliza tu wanaona nini. Mmoja akasema ni watu wanavuka mto uliojaa. Mwingine akasema ni mtoto anafundishwa kutembea na jamaa zake. Mmoja wa Kidato cha Kwanza, mrefu, mdomo haulali, akasema, "Mwalimu, hiyo ni netiboli na refarii amelala," na hapo nikakuona wewe mzima ukiwa na umri wake. Nitamwangalia sana huyo.

Mwalimu mkuu alibaki baada ya wengine kwenda kunawa mikono. Alisimama chini ya maneno, mikono nyuma.

WATU WATANO. ALIYE KATIKATI HAKUANGUKA.

"Nilikuambia sentensi moja," akasema. "Naona ni mbili."

Nikamwambia mimi ni mwalimu wa hesabu, sentensi si kazi yangu. Hakucheka. Lakini hakuondoka pia. Alitazama picha, akanitazama mimi, akanirekebisha kola ya blauzi kwa kidole kimoja kama mtu anayemwandaa mtoto kwa kanisa, akasema chakula kinapoa. Sijawahi kumpenda mtu kwa ghafula hivyo.

Habari nyingine ni ndogo. Karoti nilipanda, mbegu alileta Wairimu. Kiti chako katika chumba cha walimu kimekaliwa na mwalimu mpya wa historia, mtoto wa Karatina, mwenye heshima, anayekubaliana na kila ninachosema. Ananichosha vibaya. Nimeanza kumfundisha kupinga.

Mpaka utafunguliwa siku moja, mipaka haikai hivyo milele. Ukifunguliwa, nakuahidi nitavaa ile kofia yako, nitapanda basi la Arusha, na nitamtafuta yule kondakta nimwombe msamaha kwa niaba yako. Kisha nitapanda kile kilima polepole. Nyanya yule kama yuko hai nitamkuta, na kama hayupo nitamkuta binti yake, au yeyote aliyejitwisha kuni. Nitaitoa ile picha ya mazishini Chaka kwenye mkoba nimwonyeshe, kwa sababu alituuliza swali la adabu na sisi tukamjibu nusu. Kwetu mtu hushikwa anapoolewa. Hushikwa anapokamatwa. Na hushikwa siku ile.

Lala salama, Nyokabi. Panya nitawaangalia mimi. Magoti yananiuma kidogo leo kwa ajili ya baridi, lakini nimesimama.

Wako,
Wanjugu